Mrejesho: Watoto waliokuwa wanakataa mboga za majani

Habari zenu wapendwa. Niliomba ushauri kuhusu wanangu wawili wasiotaka kuona mchicha wala matembele kwenye sahani. Asanteni sana, hali imebadilika.

Kilichosaidia zaidi ni karanga. Nakaanga kitunguu na nyanya, natia mchicha uliokatwa mwembamba, kisha namwagia karanga zilizosagwa nilizochanganya na maji, nakoroga hadi rojo liwe zito na mafuta yaanze kuelea. Wanamega ugali na kuchovya wenyewe! Na yale mafuta husaidia mwili kufyonza vitamini A ya mchicha.

Mdogo sasa ndiye anayechambua majani, na anachochambua anakila. Bamia bado wanakataa kabisa. Siwalazimishi, naweka kidogo pembeni. Mama uliyesema tuache kugombana nao wakati wa kula, Mungu akubariki.