Sindano ya mgongo au nilazwe kabisa? Presha inanipanda

MamaTumbo_Kayole
Wadau, niko wiki ya 37, mtoto ametanguliza matako, na presha imekuwa ikipanda tangu mwezi jana. Nimepangiwa kupasuliwa Alhamisi kwa ganzi ya mgongo. Mimi nataka nilazwe. Nikiwa macho huku kisu kinafanya kazi, si presha itafika mbinguni? Nikilala, mwili nao umelala. Ama nakosea? Wifi yangu naye anasema hiyo sindano humwachia mtu mgongo mbovu hadi uzeeni.

Ganzi_Zamu
Hii ndiyo kazi yangu, miaka 9 thieta. Dada, nusukaputi hulaza ubongo, mwili haujalala. Kisu kikipita, neva zinapeleka habari vilevile, na mwili unamwaga adrenalini na kotisoli, zile homoni za mshtuko, sukari ya damu inapanda, wewe ukiwa hujui lolote. Tena mjamzito akilazwa lazima awekewe mpira kooni, kwa sababu vya tumboni vinaweza kurudi vikaingia mapafuni. Mpira ukiingia, presha huruka, na kwa mwenye presha ya mimba hapo tunaogopa damu kuvuja kwenye ubongo. Dawa kali za maumivu nazo mara nyingi tunazibana mpaka mtoto atoke, zisije zikampitia akazaliwa anasinzia.

Ganzi ya mgongo inakata habari njiani. Kisu kinakata, juu hakuna taarifa, kwa hiyo homoni hizo hazipandi sana. Shida yake ni kinyume cha hofu yako: presha hushuka, ndiyo maana utawekewa maji na dawa ya kuiinua.

Rongai_Mama2
Nimepitia zote mbili. Ya kwanza ilikuwa dharura, nikalazwa, nikaamka koo linawasha na ukoo mzima ushamwona mtoto isipokuwa mimi. Ya pili mgongo: nilitetemeka vibaya, na tumboni ni kama mtu anatafuta funguo kwenye kibeti. Kuvutwa unahisi, uchungu hakuna. Lakini nilimsikia akilia.

Baba_Kinoo
Mbona shemeji yangu mwenye presha alilazwa basi?

Ganzi_Zamu
Huenda chembe za kugandisha damu zilikuwa chini, presha ya mimba huzishusha. Hapo sindano inaweza kuvujisha damu karibu na uti wa mgongo. Au damu ilikuwa inamtoka sana, au muda hakukuwa. @MamaTumbo, uliza majibu yako ya chembe hizo kabla ya Alhamisi. Na ganzi ikiisha baada ya saa chache, mwili unaanza kelele zake, kwa hiyo itisha dawa ya maumivu mapema, usijikaze.

Kuhusu wifi: mimba yenyewe huchosha mgongo, na sindano inaingia chini ya pale kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa ya mgongo inapoishia. Kinachowapata wachache ni kichwa kuuma ukiketi, kinatulia ukilala. Kikikupata, mwambie nesi.

MamaTumbo_Kayole
Chembe hawajawahi kunitajia. Kesho nauliza kliniki. Wifi nimemtumia huu uzi, amesoma, kimya.