Tupeane uzoefu: picha kukatika na kubadilika rangi kwenye brauza za kompyuta za zamani

Mzee wa Desktop:
Wakuu, habari za jioni. Leo nilikuwa Kariakoo kufuata wino wa printa, nikamkuta dogo wa chuo anaambiwa na fundi kwamba kadi ya picha ya laptop yake, ile inayochora vitu kwenye kioo, imekufa, atafute hela ya mashine nyingine. Tatizo lenyewe: akifungua brauza picha zinakatika vipande, nusu ya uso imehamia kulia, katikati mistari ya kijani. Akizifungua picha hizohizo nje ya brauza, safi kabisa! Iliniuma. Nikamwambia asitoe hata mia. Tukaingia mipangilio ya Chrome, sehemu ya Mfumo, tukazima ile swichi inayoiachia kadi ya picha ichore kurasa, tukafunga brauza na kuifungua upya. Picha zikatulia palepale.

Nikakumbuka kompyuta yangu ya zamani ya Core 2 Duo. Draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, ilikuwa ya mwaka 2009, brauza inajisasisha kila mara. Brauza mpya inaiomba kadi mambo ambayo draiva ya kale haiyamudu, matokeo yake picha zinachorwa ovyo. Yamewakuta yapi wenzangu, na mlitokaje?

Tausi wa Tanga:
Nakazia. Hiyo swichi iliniokoa wakati wa kuombea mkopo wa chuo, picha yangu ya pasipoti ilikuwa inaonekana kama zulia.

Pwani Saiba:
Msikimbilie swichi. Nilisimamia saiba hapa Mombasa, monita zote za VGA, zile za kebo ya kizamani yenye pini. Wateja kila siku, "brauza yako inaharibu rangi za picha." Kebo ya VGA inapeleka nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa pini yake, namba 1, 2 na 3. Pini ya bluu ikipinda, cheupe kinageuka njano. Ya kijani isipogusa, dunia nzima waridi. Mteja analaumu brauza kwa sababu ndiko anakoangalia picha.

Piga skrinshoti, jitumie kwenye simu. Kwenye simu ikiwa safi, kompyuta imechora sawasawa, kamata kebo au monita. Ikiwa imeharibika vilevile, sasa hangaika na brauza na draiva.

Fundi Uhuru:
Mnawapoteza watu. Kuzima hiyo swichi ni kuficha ugonjwa. Kazi yote ya kuchora inarudi kwa prosesa, na prosesa ya zamani ikibebeshwa video ya 720p inakwama, feni inapiga kelele, betri inaisha. Tafuta draiva sahihi, weka, maliza.

Mzee wa Desktop:
Mkuu, draiva mpya ya kadi ya 2008 utaitoa wapi? Watengenezaji waliacha kuzitunza zamani. Bora nitazame video kwa 480p na picha nizione.

Fundi Uhuru:
Ile aliyoweka Windows yenyewe siyo sawa na ya mtengenezaji wa laptop. Watu hawaijaribu hiyo, wanakimbilia kuzima.

Mama Kalenda:
Nimesoma hapa nikasisimka, ngoja niseme. Nina steshenari huku Mwanza. Usiku tunafunga akaingia kijana na ndugu zake, baba yao amefariki, mazishi kesho yake Magu, wanataka picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza. Picha nzuri ya mzee ilikuwa kwa dada yao Dodoma, akaituma WhatsApp. Nikaifungua kwa WhatsApp ya kwenye brauza, kwa ile mashine yangu ya zamani. Jamani! Uso wa mzee umekatwa kwenye macho, sehemu ya chini imesogea pembeni, na mstari mweusi umepita shingoni. Shangazi yao alikuwa amesimama nyuma yangu. Alipiga yowe, akakaa sakafuni. Mjomba mmoja akasema mzee anakataa picha yake, kuna jambo hakuliridhia, lile la shamba. Hapo kaka mtu na mdogo wake nusura washikane ndani ya duka.

Mikono ilinitetemeka. Nikaiomba simu ya kijana, nikafungua picha ileile. Mzee anacheka, kofia kichwani, hakuna doa. Nikampa shangazi aishike mwenyewe, nikamwonyesha namna ya kuikuza, akaikuza mpaka akaziona mvi za ndevu. Akanyamaza. Nikapakua faili, nikalichapa kupitia programu ya picha bila kupita tena kwenye brauza. Ikatoka A3 safi, kwa sababu printa inapewa faili, haipewi kile kilichochorwa vibaya kwenye kioo. Shangazi aliishikilia kwa ncha za vidole mpaka wino ukakauka, hakutaka mtu mwingine aiguse.

Tausi wa Tanga:
Uwiii, pole sana mama. Na wafiwa poleni.

Kigoma Mwisho wa Reli:
Na la shamba liliishaje?

Mama Kalenda:
La shamba ni lao, mwanangu. Mimi niliuza picha.

Bin Saidi:
Huyo mjomba ndiye wa kuogopwa. Msiba haujazikwa, anatafuta mgogoro kwenye kompyuta.

Tausi wa Tanga:
Bin Saidi, tuheshimu wafiwa. Mtu amefiwa, anaona uso wa nduguye umekatwa, ulitaka afikirie draiva?

Kigoma Mwisho wa Reli:
Turudi kwenye mada. Yangu haikuwa brauza peke yake. Mistari ilianza mashine inapowaka tu, hata kabla Windows haijapanda. Fundi akaipiga blowa ya hewa ya moto kwenye chipu ya picha, ikapona. Haikumaliza mwezi, ikarudi palepale.

Fundi Uhuru:
Mistari ikionekana kabla ya Windows, hapo nakubali ni chuma chenyewe, hakuna mpangilio utakaokusaidia. Na blowa ni ya kumuuzia mtu mashine mbovu, siyo ya kutengenezea. Kabla ya yote pulizeni vumbi kwenye feni, badilisheni pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto. Joto ndilo linaloua hizi chipu.

Bin Saidi:
Au RAM. Kadi nyingi za laptop za zamani hazina kumbukumbu yake, zinaazima ya RAM. Mimi nilizichomoa RAM, nikasugua meno ya shaba kwa ufutio, nikarudisha. Picha safi mpaka leo.

Pwani Saiba:
Kama picha ina ukungu tu, bonyeza Ctrl na sifuri kwanza. Mara nyingi mtu amekuza ukurasa.

Neema Mgeni:
Samahanini wakubwa, mimi hazikatiki, hazitokei kabisa. Naona viboksi vyeupe. Ni Windows 7, na brauza ni ya zamani sana.

Mzee wa Desktop:
Tovuti nyingi siku hizi zinatumia WebP na AVIF, aina mpya za faili za picha, brauza za kale hazizisomi. Firefox imeanza kusoma WebP toleo la 65, mwaka 2019. Kwa Windows 7 weka Chrome 109, ndiyo ya mwisho kwenu, ya Januari 2023, au Firefox 115. Mambo ya benki usifanyie humo.

Fundi Uhuru:
Weka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, achana na Windows 7.

Pwani Saiba:
Neema, kabla hujapakua chochote, saa ya kompyuta yako inasoma mwaka gani? Na je, kurasa zinakuletea onyo la usalama?

Neema Mgeni:
Inasoma 2009. Onyo linakuja kila mara, nabofya kuendelea.

Pwani Saiba:
Basi hapo ndipo penyewe. Kwa mwaka 2009 vyeti vya usalama vya tovuti za leo vinaonekana bado havijaanza kutumika. Ukurasa unaupitisha kwa kubofya, lakini picha zinatoka seva nyingine ambako huna pa kubofya, kwa hiyo zinazuiwa. Rekebisha tarehe sasa hivi, ujaribu. Ukizima na kuwasha ikarudi 2009, betri ndogo ya kwenye ubao imekwisha. Omba betri ya CR2032, hata mafundi saa wanayo.