Umeme umekata katikati ya apt (ile ya kuinstoli programu), sasa haiinstoli kitu, naombeni msaada

kijana_wa_harusi: Wakuu habari za usiku, nina laptopu ya kizamani ina Ubuntu 22.04 (Linux, siyo Windows), betri ilishakufa naitumia kwa waya tu, sasa jana nilikuwa nainstoli Kdenlive nianze kuedit video za harusi, terminali ikawa inaandika Unpacking, Unpacking, mara umeme pu! Uliporudi kila nikipiga sudo apt install inagoma, inasema dpkg was interrupted, yaani ilikatizwa njiani. Jamaa yangu kaniambia nifute faili la lock kwa rm nianze upya. Nifute? Maana bando imebaki MB 400 na mwisho wa mwezi mnaujua wenyewe.

mama_terminali: USIFUTE. Hiyo lock ndo inazuia programu mbili zisiandike kwa wakati mmoja kwenye daftari la dpkg, ile ambayo apt inaituma kufungua na kupanga programu, ukiitoa kuna siku utalia. Halafu soma ujumbe mpaka mwisho mdogo wangu, dawa wameshakuandikia humo humo:

sudo dpkg --configure -a

Ikimaliza piga sudo apt --fix-broken install. Basi.

Mzee wa Bando: Kuhusu MB usiwe na presha. Kama ilishafika Unpacking ujue kushusha ilishamaliza, apt huwa inavuta vyote kwanza ndo inaanza kufungua. Mizigo yako ipo /var/cache/apt/archives, ila usije ukapiga apt clean sasa hivi maana hapo ndo utaifuta kweli. Na kabla hujabonyeza Y angalia pale Need to get, inakuonyesha itakula kiasi gani.

chuma_ulete: Si uweke Kdenlive ya snap tu (njia nyingine ya kuinstoli programu Ubuntu) mkuu yaishe

Mzee wa Bando: @chuma_ulete bando utamnunulia wewe? Snap inakuja na mazagazaga yake yote

kijana_wa_harusi: Nimepiga hiyo ya configure, inasema lock imeshikwa na process nyingine na mimi sijafungua kitu!! Nimerestati bado

mama_terminali: Hiyo mara nyingi ni unattended-upgrades, Ubuntu inajiwekea marekebisho ya usalama yenyewe, ukiwasha mashine tu nayo inaamka. Hakikisha kwa ps aux | grep unattended, halafu iache imalize, usiiue. Umeona sasa kwa nini nilikukataza kufuta?

Mzee wa Bando: Na hiyo nayo inakula bando kimya kimya, kwenye setting za wifi weka alama kwamba ni mtandao wa kulipia

kijana_wa_harusi: Nimesubiri kama dakika 10, nikarudia, ikaandika Setting up weeee mpaka nikachoka kusoma. Ile ya pili ikaleta Need to get 0 B 😂 Kdenlive imefunguka. Asante sana dada, na mzee pia

chuma_ulete: Sasa katafute betri