Pointi 100 za Wilt: rekodi halali au stori za kijiweni?

Kota_ya_Nne: Wakuu, jana kijiweni nusura tushikane mashati. Mimi nasema zile pointi 100 alizofunga Wilt Chamberlain kwenye mechi moja ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, Machi 2, 1962 zisiwekwe meza moja na 81 za Kobe Bryant wa Lakers. Mechi yenyewe ilipigwa Hershey, kamji ka chokoleti huko Pennsylvania, ukumbini watu elfu nne na kitu, video hakuna. Kilichobaki ni picha ya jamaa kashika karatasi imeandikwa 100. Na mimi nikishika ya 300 mtanikubalia?

babu_wa_rebaundi: Video hakuna ila sauti ipo, redio ilitangaza na kota ya nne, ile ya mwisho, mpaka leo inasikilizwa. Vikapu 36 kwa majaribio 63, mitupo huru 28 kati ya 32. Na huyo mtu mitupo huru ndio ilikuwa ugonjwa wake, siku hiyo anarusha kutokea chini kwa mikono miwili kama anamwaga ndoo ya maji na inaingia tu. Msimu ule alimaliza na wastani wa pointi 50 kila mechi, nayo ni karatasi?

Mamba81: Mzee kwani alikabwa na nani, si mafundi bomba wale. Senta wa kwanza (yule mrefu wa chini ya kikapu) wa Knicks, timu pinzani, hakucheza, aliyekuwepo Imhoff kala dakika 20 katolewa kwa faulo. Kobe Januari 2006 mapumziko Lakers wako nyuma kwa 14, kipindi cha pili katupia 55 peke yake, Toronto kalala 122-104. Wilt mwishoni wenzake wanawachezea Knicks faulo makusudi ili mpira urudi wampe yeye, hiyo rekodi au mchango wa harusi? Urefu tu ule. Ingekuwa urefu ni mali, Hasheem Thabeet wetu aliyechezea Memphis angekuwa na sanamu huko.

dada_senta: Wee Mamba, Thabeet kaingiaje hapa?? Mtoto wa Dar kabisa, namba 2 kwenye drafti ya 2009, timu za NBA zinapochagua vijana wapya, kawapita mastaa Harden na Curry, Mtanzania gani mwingine kafika hapo? Mdomo tu.

Mamba81: Dada hapo umemzika mwenyewe. Harden namba 3, Curry namba 7. Nilitaka kunyamaza kwa heshima ya bendera.

dada_senta: Kwani alijichagua? Kawadaieni Memphis. Wewe 2009 ulichaguliwa na nani, hata mechi za mtaani ulikuwa unashikishwa makoti.

mbongo_ohio: Huku kazini nikisema natoka Tanzania mtu wa kwanza ananitajia Kilimanjaro, wa pili Thabeet, halafu wote wawili wananitazama juu mpaka chini wanashangaa mbona mimi mfupi hivi 😂

babu_wa_rebaundi: Hershey tunarudi lini jamani

Mamba81: Babu tulia, Wilt wako hata pete ya ubingwa hana, Bill Russell wa Boston kazibeba zote.

babu_wa_rebaundi: Russell anazo 11 sikatai. Ila Wilt anazo 2, 1967 na Sixers na 1972 na Lakers. Lakers hao hao wako. Kunywa maji.

spana_mkononi: Samahani nilikuwa juu ya dari la mtu. Huyo aliyesema mafundi bomba, mimi ni fundi bomba mwaka wa 19 huu, nimesomesha watoto watatu kwa spana. Siku choo chako kikifurika saa nane usiku usinitafute, mwite MVP, mchezaji bora wako.

Mamba81: Fundi ni msemo tu mkuu, punguza hasira.

spana_mkononi: Msemo wa kwenu.

Kota_ya_Nne: Mada ilikuwa video wakuu...

babu_wa_rebaundi: Mtoa mada nikuongezee, msimu ule Wilt alicheza wastani wa dakika 48 na nusu kwa mechi.

mbongo_ohio: Mechi si dakika 48? Hiyo nusu kaitoa wapi, alikuwa anacheza na watu wakiwa parking?

babu_wa_rebaundi: Muda wa nyongeza, kijana. Alikuwa hakai benchi.

dada_senta: Ahaa! Sasa nitajieni mechi moja, MOJA, ambayo Memphis walimpa Thabeet dakika 48. Nasubiri hapa.