Mrejesho: Yule wakili aliyetiwa hatiani kwa kughushi

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kama wakili aliyetiwa hatiani kwa kughushi hati ya kiwanja cha marehemu baba anaweza kuendelea na uwakili. Nilidhani hukumu ya jinai inamfuta yenyewe. Kumbe wapi!

Mliosema niende Kamati ya Mawakili, asanteni. Iko chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, na mwenyekiti wake ni jaji wa Mahakama Kuu. Inaweza kuonya, kusimamisha au kuondoa jina kwenye daftari la mawakili.

Kilichonichosha ni makaratasi. Malalamiko yanakwenda na hati ya kiapo, na mimi nilibeba fotokopi ya hukumu iliyofifia hadi muhuri hausomeki. Nikarudishwa. Masjala ya mahakama nikaomba nakala iliyothibitishwa, wiki tatu, kila nikienda "njoo kesho".

Juzi tumesikilizwa. Wakili wake anang'ang'ania kuwa kuna rufaa, tusubiri. Kamati imeahirisha. Hela zangu zilizopotea kwenye sakata hili bado sijaziona, nazo nazifuatilia kwa kesi ya madai. Mama ameniuliza mara mbili kama yule "mheshimiwa" bado anavaa joho. Sikumjibu.