Je, The General ya Buster Keaton inastahili sifa zake?

Swali
Habari zenu, wapenzi wa filamu. Nimeitazama kwa mara ya kwanza The General ya mwaka 1926, ambayo Buster Keaton aliiongoza pamoja na Clyde Bruckman, na ambayo hutajwa mara kwa mara miongoni mwa vichekesho bora katika historia ya sinema. Ilinivutia, lakini nilicheka mara chache sana, kwani niliiona zaidi kama filamu ya treni kufukuzana. Je, sifa hizo ni haki yake, au tumezirithi tu?

Jibu la kwanza
Ndugu yangu, mbio hizo zimetokana na tukio la kweli la mwaka 1862, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani kati ya Kaskazini na Kusini, askari wa Kaskazini walipoiba treni huko Georgia. Ila kichekesho kimo ndani ya mbio zenyewe. Itazame tena sehemu ambapo Keaton ameketi mbele kabisa ya kichwa cha treni kinachotembea, amekumbatia taruma zito, huku taruma jingine likiwa limelala juu ya reli. Analirusha la mikononi, linapiga ncha ya lile la chini, yote mawili yanaruka pembeni, na treni inapita. Unacheka huku umeshika roho, na uso wake haubadiliki hata kidogo.

Jibu la pili
Kuhusu kurithi sifa, historia inasema vingine. Filamu ilipotoka, wahakiki wengi waliipokea kwa ubaridi na mapato yake yalikuwa duni, ilhali ilikuwa imegharimu fedha nyingi, kwa kuwa hata kichwa cha treni kinachotumbukia mtoni daraja linapokatika kilikuwa cha kweli. Mwaka 1928 Keaton alihamia kampuni ya filamu ya MGM, na uhuru wake wa kazi ukamponyoka. Wahakiki walioshiriki kura ya jarida la filamu la Sight and Sound waliiingiza katika kumi bora mwaka 1972, yaani yeye akiwa ameshafariki miaka sita kabla.

Jibu la tatu
Naukubali ustadi wake, lakini shujaa wake anapigania upande wa Kusini, uliotetea utumwa, na filamu inalipita jambo hilo kimya kimya. Kwangu hilo ni doa ambalo sifa zote hizi hazilifuti.

Muulizaji
Nawashukuru nyote. Doa hilo nami naliona. Jana usiku nilirudia sehemu ambapo Johnnie, yule shujaa anayeigizwa na Keaton, akiwa amekataliwa jeshini na mchumba wake amemkatia tamaa, anaketi juu ya chuma kinachounganisha magurudumu ya kichwa cha treni. Treni inaanza kutembea, chuma kinampandisha na kumshusha taratibu, naye amezama katika huzuni hata hatambui, mpaka karibu anaingia bandani. Safari ya kwanza sehemu hiyo ilinipita. Jana nilicheka, kisha nikamwonea huruma.