Tupeane uzoefu: umejifunza nini kwa simu, na ilikugharimu nini?

Mzee wa Kijiwe
Wakuu habari za jioni. Leo nimepanda boda pale Mbagala Rangi Tatu, dogo ana hedifoni sikio moja nikajua anasikiliza singeli, kumbe mtu anarudia Kiingereza, "ai wud laik, ai wud laik", anajiuliza anajijibu huku tunapenya katikati ya daladala. Nashuka namuuliza, ananiambia anataka aende Zanzibar akatembeze wazungu. Nikakumbuka mimi Excel nilijifunzia kwenye simu iliyopasuka kioo, fomula naandika kwa kidole gumba, siku naingia ofisini nikawekewa kompyuta nikaanza kugusa skrini kwa kidole watu wakatazamana. Haya leteni zenu, za kufaulu na za aibu. Nyie wa "simu zinaharibu watoto" mnakaribishwa pia ila kwa adabu.

Kambi Popote
Natia kambi hapa.

Mama Wawili
Mimi wala sio smatifoni, ilikua kiswaswadu cha mume wangu. 2014 nina mimba ya kwanza, nesi wa kliniki akatuambia tuma neno MTOTO kwenda 15001, bure, utakua unatumiwa meseji kila wiki kulingana na mimba ilivyofika. Sasa simu ya baba anashinda nayo mama yake dukani, siku moja mama mkwe anakuta meseji inamuuliza mwanae kama amehudhuria kliniki, weee, aliitisha kikao cha ukoo akijua mwanae ana mwanamke nje ana mimba! Ila zilinisaidia nisiseme uongo. Mimba ilivyokua kubwa nikavimba uso na kichwa kinagonga, shangazi anasema ni kawaida kunywa maji ya ukwaju, mimi nilishasoma kwenye meseji kwamba kuvimba uso na kichwa kuuma sana ni dalili ya hatari. Nikaenda hospitali usiku uleule, presha ilikua juu mno nikalazwa hapohapo. Mtoto saivi ananizidi urefu.

Chuma cha Pua
Hii +1, dada yangu nae alikua nazo hizo meseji.

Bweni la Nne
Uzi huu umenitibua. Nipo fomu foo 2016, shule ya bweni kanda ya ziwa sitaitaja, maabara ipo ila ndani kuna madawati mabovu na mzinga wa nyuki, sitanii, nyuki kabisa. Pratiko ya kemia inakuja mwezi wa 11 na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika biureti. Likizo nikaomba simu ya pili ya mama, nikaenda stendi kwa wale vijana wa kuingiza nyimbo nikamlipa anipakulie video za taitresheni na za kutambua chumvi, na pasi pepa zote za NECTA alizozipata. Simu iliingia shule ndani ya mkate, unatoboa kwa chini unakula nyama yote unatumbukiza simu unarudisha kifuniko. Usiku tunajifunika blanketi moja watu kibao, sauti tumezima, mmoja anaelezea kwa kunong'ona, "sasa rangi inabadilika, funga koki, funga koki". Chaji tulikua tunachuna waya wa taa, Mungu tu alituhurumia.

Siku ya siku yule mwalimu wa kwenye video akadondosha chupa, mjinga mmoja akacheka, patroni huyo kavuta blanketi. Asubuhi paredi. Jiwe, nyundo, simu ya mama yangu imelazwa juu ya jiwe shule nzima inaangalia, na mwalimu wa nidhamu hapigi yeye, ananikabidhi mimi nyundo. Nikapiga, kioo kikapasuka, akasema rudia. Nikarudia mpaka betri likaruka. Mama kuitwa shuleni aliuliza swali moja tu, laini yangu iko wapi, maana ndo ilikua na hela za kikoba cha wamama wenzie. Laini ilikua imekatika vipande viwili. Hakunisemesha mpaka matokeo yalipotoka. Kemia nilipata C, na kwenye pratiko mkono haukutetemeka hata kidogo, waliobaki wanaulizana koki inafunguliwa upande gani.

Kijana wa Kahama
Dah. Akupe nyundo mwenyewe?? Huyo mwalimu alaaniwe.

Ticha Mstaafu Mtarajiwa
Taratibu kijana. Mimi ni mwalimu, wanafunzi kuwa na simu shuleni hairuhusiwi na wanajua siku ya kwanza. Katika simu zote nilizokamata ya taitresheni sijawahi kuiona, nilizoziona ni mikeka ya kubeti na picha ambazo siwezi kuziandika hapa. Nyundo sikubaliani nayo, simu irudishwe kwa mzazi. Lakini mnataka kutufanya sisi ndo maadui wa elimu.

Bweni la Nne
Ticha na mzinga wa nyuki je?

Ticha Mstaafu Mtarajiwa
Mzinga waulize walioleta bajeti.

Chuma cha Pua
Hahaha ticha kapasua

Mwana Mkinga
Ngoja niwape ya kwetu Tanga, hii wengi hamuijui. Kuna mashindano ya XPRIZE, ya timu zinazotengeneza programu za kufundisha watoto, yalifanyikia kwetu, vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, watoto wengi wao hawajawahi kwenda shule kabisa. Wakapewa tableti, ndani kuna programu ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na hesabu, hakuna mwalimu. Zilikua timu tano na kila kijiji kina programu ya timu moja. Kituo cha kuchaji cha sola, na kuna mama wa kijiji anasimamia kuchaji basi. Miezi 15 hadi mwanzoni mwa 2019. Binti wa dada yangu alikua anachunga mbuzi, mwanzoni alikua anaiogopa ile sauti anafikiri kuna mtu humo ndani, baada ya muda ukipita njiani unakuta watoto wamejipanga chini ya mwembe, mmoja akikosea wenzie wote wanapiga kelele. Anasoma mpaka leo yule. Mwanzo wa majaribio zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, mwisho hiyo idadi ilipungua nusu. Zawadi dola milioni 10 wakagawana timu mbili, onebillion na Kitkit School.

Mjomba Fitina
Hela ya Elon Musk hiyo. Wazungu wanawafanyia majaribio watoto wetu mnashangilia.

Mwana Mkinga
Hela ni yake kweli, nani kakataa. We ulivyokua na hela yako ulimnunulia nani daftari Mkinga?

Mjomba Fitina
Hujajibu hoja. Nusu wamesoma, nusu nyingine je? Mtoto anahitaji mwalimu, sio kioo.

Mwana Mkinga
Mlete basi huyo mwalimu kijijini, tunamsubiri tangu uhuru.

Dereva wa Masafa
Acheni ugomvi niwape yangu. 2018 naanza kupeleka mzigo Kongo, safari yangu ya kwanza kuvuka Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, madereva wakongwe wakaniambia mdogo wetu kule bila Kifaransa utalala ndani. Nikaogopa. Nikashusha programu ya Kifaransa nikiwa Tunduma kwa sababu ukishavuka bando la nyumbani halifanyi kazi, nikawa nasoma kwenye foleni, na foleni ya Kasumbalesa mnaijua, unaweza kuota ndevu. Nasoma usiku na mchana, utingo wangu ananicheka. Kila nikimaliza somo inanipigia tarumbeta nasikia raha kabisa.

Tumevuka jioni, tunaitafuta Lubumbashi, utingo anaanza kushika tumbo upande wa kulia. Nikadhani ni yale maandazi. Kilomita chache mbele anatapika, anatetemeka, ananiambia kaka nakufa niambie mama. Giza, barabara siijui, kushoto malori kulia malori. Nikaegesha pembeni, nikamdaka mtu wa pikipiki kwa ishara za mikono, tukambeba katikati mpaka hospitali. Nafika pale kuna dada kavaa nyeupe, mwili mzima unanitoka jasho, nafungua mdomo nitoe Kifaransa changu chote, na kilichotoka, nisameheni, kilikua "mimi ni mwanamke, ninakula tufaha". Nikajaribu tena ikatoka paka mweusi yuko juu ya meza. Ndo sentensi nilizokua nazo! Utingo analia, mimi nataja paka. Yule dada ananiangalia, anamwangalia mgonjwa, ananiambia, "Papa, sema tu Kiswahili, tunasikia."

Wakuu. Lubumbashi nzima wanaongea Kiswahili. Wale wakongwe walinifanyia makusudi.

Kambi Popote
😂😂😂😂 nimeamsha mtoto

Kijana wa Kahama
Ninakula tufaha 😭😭 kaka wewe

Mjomba Fitina
Chai hii. Dereva gani hajui Lubumbashi wanaongea Kiswahili.

Dereva wa Masafa
Wewe ulijua lini, au umejua sasa hivi?

Mama Wawili
Na utingo je? Mbona umetuacha njiani?

Wambui wa Rongai
Nimecheka mpaka nimeshtuka. Huku Kenya tulikuwa na Shupavu, huduma ya masomo kwa simu, unapiga *291# kwa mulika mwizi unaletewa maswali na majibu, hauitaji intaneti. 2020 shule zilipofungwa mwezi wa tatu, wengi hawakurudi hadi Januari mwaka uliofuata, nikawa na watoto wa ploti nzima mlangoni kwangu juu ya simu moja. Wanagawana kwa zamu, wa darasa la nane kwanza. Mmoja alikuwa anajua majibu yote ya sayansi lakini ukimwuliza kwa nini, anasema simu haikusema kwa nini. Hiyo ndiyo shida yangu na hizi vitu.

Ticha Mstaafu Mtarajiwa
Dada Wambui umesema neno.

Kijana wa Kahama
Mdogo wangu kapewa insha ya siku asiyoisahau, kaenda ChatGPT kanakili yote, mwalimu anasoma anakuta theluji inaanguka huku baba anawasha moto sebuleni. Akaulizwa theluji ilianguka lini Shinyanga. Kajibu ilikua usiku mmelala.

Mkulima wa Mkuranga
Mimi nafaidika na Nuru ya PlantVillage, programu ya simu ya kutambua magonjwa ya mimea. Shamba la mihogo, unaelekeza kamera kwenye jani inakuambia batobato au michirizi ya kahawia, inaongea Kiswahili na haitaki bando ukiwa shambani. Mzee wangu hakuiamini, alisema majani anayajua kabla simu hazijazaliwa, na kweli batobato aliitambua mwenyewe. Ila michirizi majani yanadanganya, unaona shamba la kijani unakuja kung'oa muhogo umeoza ndani. Ilipoonyesha shina moja tukang'oa, mzee akapasua, akakaa kimya, kisha akaanza kunituma mimi kila shina. Tuling'oa wagonjwa wote, mwaka uliofuata tukatafuta pingili safi. Ushauri: msichukue mbegu kwa jirani kwa kuoneana haya.

Chuma cha Pua
Ushauri wangu mimi: video pakua usiku, bando za usiku bei chee, mchana unaangalia bila data.

Bweni la Nne
Usiku lala mkuu. Utajifunza nini na macho mekundu. Tafuta Wi-Fi ya ofisi ya mtu.

Kambi Popote
Mi nasema zima WhatsApp kwanza. Nilifungua somo la kushona suruali nikaishia kwenye harusi ya mtu nisiyemjua, mpaka keki ikakatwa.

Fundi Friji
VETA, wale wa vyuo vya ufundi, na Airtel walikua na VSOMO tangu 2016, nadharia unasoma kwenye simu, vitendo unaenda chuoni. Huo ndo mpango. Hawa wa YouTube tupu ndo wanatuletea friji zimetobolewa kwa msumari wakitoa barafu, gesi yote imekwenda. Endeleeni tu, tunakula kupitia nyie.

Mama Wawili
Dereva tunasubiri. Utingo alipona?

Dereva wa Masafa
Kilikua kidole tumbo, alifanyiwa upasuaji alfajiri, akapona. Saivi ana gari lake mwenyewe, njia ya Kolwezi. Na kila utingo mpya anayemchukua anamwambia bila Kifaransa utalala ndani.

Mjomba Fitina
Bado nasema chai. Ila mkulima, hiyo ya mihogo inakubali simu ndogo?

Mkulima wa Mkuranga
Yangu RAM ni 2 inakubali, inasuasua tu ikiwa na picha nyingi. Futa zile za harusi.